Kuicheza mechi kichwani kabla hujaingia uwanjani: maswali mnayoniuliza kila siku

Haya jamani, nimeamua kuandika yote sehemu moja manake kila jioni tukikutana ufukweni Bamburi, hapa Mombasa, maji yakikupwa, kabla hata sijavua kandambili mtu ashaniuliza yale yale ya jana. Mie si profesa, ni kocha wa mtaani, nina vijana wa mbio, wa mpira na wawili watatu wa kuogelea, na mwenyewe nakimbia bado ingawa magoti yashaanza kulalamika. Mengine humu nimeyasoma, mengine nimeyalipia kwa jasho. Tafuta swali lako, lisilokuhusu liruke.

Kocha, hii ya kujiona kichwani ni nini hasa? Si ndo ndoto za mchana?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ndoto ya mchana inakujia yenyewe, umekaa kwenye tuktuk umejiinamia, mara uko Ulaya umebeba kombe, mara unahojiwa kwenye televisheni, mara ushamjengea mama nyumba. Tamu sana lakini kazi hujafanya. Hii tunayoisema ni mazoezi kama mazoezi mengine. Unakaa chini kwa kusudi, unachagua kipande kimoja cha mchezo wako, labda kupiga kona au mita mia za mwisho, unakipitisha kichwani mwanzo hadi mwisho, unausikia mwili, ukikosea unarudia. Ukimaliza kichwa kinakuwa kimechoka kidogo. Kama umemaliza unatabasamu tu, ulikuwa unaota.

Inafanya kazi kweli ama ni maneno ya kutiana moyo?

Inafanya, ila si kwa kiwango wanachokuuzia wale jamaa wa video za dakika moja. Miaka ya 1930 huko Marekani kuna daktari anaitwa Edmund Jacobson alipima misuli ya watu waliokuwa wanafikiria tu kukunja mkono, mkono wenyewe umetulia, akakuta misuli inatoa umeme mdogo mdogo kama inayotaka kusogea. Baadaye sana, 1994, Driskell na wenzake walikusanya tafiti nyingi za jambo hili wakazipima pamoja, wakaona mtu anayefanyia mazoezi kichwani anampita asiyefanya chochote, lakini anazidiwa na anayefanya kwa mwili, na faida yenyewe inayeyuka siku zikipita bila kurudia.

Kwa hiyo mwili kwanza, kichwa kiongezee. Nasema hivi manake kuna barobaro mmoja alinitumia meseji kwamba leo haji, mvua, atafanyia mazoezi kichwani. Nikamjibu sawa mwanangu, na Jumamosi ntakupanga kichwani.

Nijione nikishinda ama nijione nikikimbia?

Hili ndo swali lenyewe, ukilielewa hili mengine yote ni chumvi tu.

Kuna utafiti wa 1999 wa Pham na Taylor, chuo kikuu kule Los Angeles, wanafunzi wenye mtihani unaokuja. Kundi moja waliambiwa kila siku wajione wamepata maksi nzuri, wanasherehekea. Kundi jingine wajione wanasoma, wamekaa wapi, wamefungua kitabu gani, wamezima televisheni. Waliojiona wanasoma ndo walisoma zaidi na kupata maksi zaidi. Halafu yuko mama mmoja wa saikolojia kutoka Ujerumani, Gabriele Oettingen, yeye miaka mingi ameshughulika na hawa wanaojiona washafika, na moja alilolikuta na mwenzake ni kwamba ukijiona ushapata unachokitaka, presha ya damu inashuka, mwili unalegea. Yaani mwili unaamini kazi ishaisha, unataka kulala! Sasa huo ndo mwili utakaoamka nao saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia?

Mie haya niliyajua kwa njia mbaya. Mwaka niliojiandikisha hafu marathoni yangu ya kwanza, wiki sita nzima kila usiku nilikuwa najiona namaliza, mikono juu, medali shingoni, hata picha ya kuweka kwenye profaili nilishaichagua pozi. Siku ikafika. Mpaka kilomita ya kumi niko sawa, naringa. Kwenye mwinuko wa Daraja la Nyali jua lishapanda, miguu imekuwa mizito, nikafika kituo cha maji nikakuta meza na vikombe vitupu, maji yameisha, waandaaji siwataji lakini wanajijua. Nikatafuta kichwani la kufanya, hakuna. Kichwani mwangu kulikuwa na mstari wa mwisho peke yake, kilomita ya kumi na tano sikuwahi kuikanyaga hata mara moja. Nikaanza kutembea. Na nikwambie kilichoniuma zaidi, hamali wa mkokoteni amebeba mitungi ya maji, mzigo mzima ule, akanipita. Nina kiu, na maji yananipita.

Kwa hiyo jibu: ushindi uone, sikukatazi, sekunde tano mwanzoni ujue unaenda wapi. Dakika zote zilizobaki ziwe za njia.

Nikianza kuwaza mabaya kichwani si ntajiletea mkosi?

Wazee wetu hawapendi mtu ataje baya kabla halijatokea na nawaheshimu, lakini hapa hatusemi "nitaanguka". Tunasema nikianguka, naamkaje. Baya lisiachwe bila jibu lake.

Mfano ambao nauhadithia mpaka vijana wangu wananikimbia ni wa Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani. Kocha wake Bob Bowman alimzoesha tangu mdogo, usiku kabla ya kulala na asubuhi akiamka, acheze kanda ya video kichwani, mbio nzima kuanzia kuruka mpaka kugusa ukuta, ile inayokwenda vizuri na ile inayoharibika. Sasa Olimpiki ya Beijing 2008, fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, anaruka tu miwani inaanza kuingiza maji, mwisho haoni kitu, si ukuta si mstari chini. Akaanza kuhesabu mikono, manake anajua urefu wa bwawa anaumaliza kwa mikono mingapi. Akagusa ukuta kipofu vile vile, dhahabu, rekodi ya dunia dakika 1 sekunde 52.03. Alipogusa akaivua ile miwani kwa hasira, lakini mbio zilikuwa zishaisha.

Wewe chukua mabaya matatu tu yanayoweza kukukuta, kamba ya kiatu, refa kukuonea, kichomi ubavuni, kila moja liwekee "likitokea hili nafanya hivi". Zaidi ya matatu utajitia hofu bure.

Nitazipata wapi picha za kitu ambacho sijawahi kukifanya?

Kwa waliokifanya. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kuangalia video za YouTube, kocha wa mkuki hana, akaangalia warushaji wakubwa akaenda uwanjani akaiga, 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Sisemi YouTube inatosha, yule jamaa alirusha mpaka mkono ukajua, lakini picha alianza kuipata kwenye skrini.

Na rafiki yako akurekodi kwa simu pia. Tafuta klipu yako moja uliyofanya vizuri, moja tu, iangalie mara tatu halafu funga macho uirudie.

Nijione kama naangaliwa na watu au kwa macho yangu mwenyewe?

Zote zina kazi. Ukitaka kurekebisha umbo, mguu unatua vipi, bega limekaaje, jiangalie kutoka nje kama kamera. Ukitaka kuzoea mbio zenyewe, ingia ndani, uone mikono yako na mgongo wa aliye mbele yako.

Nafumba macho sioni kitu, giza tupu. Nina kasoro?

Huna. Wapo watu hawaoni picha kabisa kichwani, mwaka 2015 profesa Adam Zeman wa Uingereza aliipa hali hiyo jina, afantasia, na watu hao wanaishi maisha yao wakiwa sawasawa kabisa. Nina binti mmoja wa mbio yuko hivyo. Yeye tunatumia masikio na mwili: asikie pumzi zake, viatu vikigonga lami, asikie paja linavyoanza kuwaka kwenye kona ya pili, na maneno anayojiambia. Anasimama anapunga mikono kabisa kwa mdundo wake, watoto wa ufukweni wanamcheka, yeye hajali. Kwa wengi wenu lakini tatizo si hilo, tatizo ni hamjazoea, leta wiki tatu kwanza.

Wasema nijione "kwa undani". Undani gani huo, na nifanyie wapi?

Ule wa siku yenyewe. Wataalamu wawili wa Uingereza, Holmes na Collins, mwaka 2001 walitoa mpangilio ambao kwa lugha yangu mie ni huu: usifanyie kitandani umejifunika shuka kama unajua utakimbia juani. Vaa viatu vyenyewe, simama unavyosimama, shika mpira kama ni wa mpira, nenda uwanjani penyewe kama unaweza, uusikie na wasiwasi wenyewe, moyo upige. Wayne Rooney, yule mshambuliaji wa Uingereza, alikuwa anamuuliza mtu wa jezi siku moja kabla, kesho tunavaa rangi gani, bukta gani, soksi gani, ili usiku akijiona anafunga awe amevaa hizo hizo. Mtu atasema ushamba huo. Basi.

Sasa sisi wa Pwani undani wetu unaanza na joto. Walio wakubwa mnaikumbuka tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa hapa kwetu kwenye uwanja wa gofu karibu na bahari. Machi, kaskazi inaishia, hewa imesimama, unyevu unakamatika kwa mkono. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, mtu aliyekuwa hapigwi nyika miaka na miaka, aliachia njiani kwenye mzunguko wa mwisho, akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Bekele! Mtu aliyezoea baridi ya nyanda za juu alikutana na Mombasa. Kwa hiyo ukijiona kichwani unakimbia hapa, umekauka shati, upepo mwanana, hiyo si Mombasa, hiyo ni kalenda. Tia jasho linaloingia machoni, tia chumvi mdomoni, tia moshi wa matatu pale Kongowea. Na kama mbio zako ni Iten au Eldoret, kule nyanda za juu, geuza, tia baridi na pumzi isiyotosha.

Dakika ngapi kwa siku? Saa ngapi?

Kumi zinatosha. Ukifika ishirini akili inaanza kwenda sokoni. Vipande vifupi vifupi, dakika tatu tatu, afadhali kuliko kukaa saa nzima kama mganga. Mie nafanya kwenye feri nikivuka Likoni, wengine wanafanya wakimaliza kupasha misuli moto, mwili ukiwa bado una kumbukumbu mbichi, na hiyo ndo nzuri zaidi. Usiku wa kabla ya mashindano pitisha mara moja tu kisha lala, usikeshe unacheza fainali mpaka alfajiri, utaamka ushafungwa.

Nitajuaje kama nafanya sawa?

Taima ya simu. Huu mtihani wangu naupenda. Mwambie mkimbiaji wa mita 400 afumbe macho, abonyeze akianza, abonyeze akimaliza kichwani. Kama mguu wake ni sekunde 58 na kichwa chake ni 41, ujue kuna sekunde 17 amezikwepa, na ukimuuliza vizuri utakuta ni zile za mwisho zinazochoma. Kijana anazikwepa kila mara bila kujua! Ndo mnarudi pale pale, mita 300 hadi 400, polepole, mpaka namba zikaribiane.

Lengo langu ni kubwa mno, nikilisema maskani wananicheka. Nilipunguze?

Usipunguze, likate. Eliud Kipchoge alitaka marathoni chini ya saa mbili. Mara ya kwanza Monza 2017 akapata saa 2 na sekunde 25, akakosa kwa sekunde ambazo ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya familia. Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 akapata 1:59:40. Haihesabiwi rekodi rasmi, alikuwa na wadhibiti kasi 41 wanaopokezana na gari mbele, sawa, lakini angalia hesabu yenyewe: ni kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50, halafu nyingine, halafu nyingine, mara arobaini na mbili na kidogo. "Chini ya saa mbili" hakuna kichwa kinachoweza kuiona. Kilomita moja ya 2:50 inaonekana.

Wewe kama unataka kuitwa timu ya taifa, hiyo picha ni ya kuvutia lakini huwezi kuifanyia mazoezi leo jioni. Leo jioni unaweza kuona krosi kumi za mguu wa kushoto. Na maskani usiwaambie, kwani lazima wajue?

Sisi ni timu ya mpira, inatusaidia vipi?

Penalti, kona, frikiki, mipira iliyokufa ndo inafaa zaidi kwa sababu hakuna anayekukimbilia. Mpigaji wa penalti awe na mlolongo wake: kuuweka mpira, hatua nne nyuma, pumzi moja, aone kona anayoipiga, aende. Uwe ule ule mazoezini, ule ule kichwani, ule ule siku ya fainali, na refa akipiga filimbi usikurupuke, hakuna basi linalokuacha. Golikipa naye ajione akiruka, pia ajione akifungwa halafu anaokota mpira wavuni anaurudisha katikati uso mkavu. Hilo la pili magolikipa wangu walikuwa hawalitaki kabisa, sasa wanalifanya.

Nimevunjika / nimeteguka, nakaa nyumbani wiki sita. Nifanye?

Fanya sana. Kuna utafiti wa 2004, Ranganathan na wenzake, Cleveland, watu walifikiria tu kukaza kidole kidogo cha mkono, dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 12, nguvu ya kidole ikapanda asilimia 35. Waliokaza kidole kweli walipata 53. Ni kidole hicho, tena watu wenyewe wachache, usije ukaniambia utajenga mapaja ukiwa umelala kwenye kochi. Lakini kwa majeruhi ni kitu kikubwa, mwili haupoteani na mchezo, na hofu ya kurudi inapungua. Anza kuuona mguu ukiwa mzima, ukitua, ukibeba uzito. Maagizo ya daktari hayo ni mengine, yafuate.

Hii si mambo ya uchawi? Inaingiliana na dini?

Nimeulizwa hili na akina mama zaidi ya mara moja, na nawaelewa, manake wapo wanaofundisha kwamba ukiwaza kitu ulimwengu unakuletea. Mie hilo sifundishi na siliamini. Hapa hakuna anayekuletea kitu, ni wewe unakumbusha mwili kazi yake. Dua yako iko pale pale, inshallah yako iko pale pale. Ukiwa bado na wasiwasi muulize shehe wako au padri wako, usiniulize mie.

Mwanangu ana miaka tisa, anacheza mpira, nimfundishe?

Mama, muulize tu kabla ya kulala "lile bao la leo ulilifungaje?" akusimulie. Inatosha. Mtoto kichwa chake tayari kimejaa picha, tusimgeuzie mchezo kuwa homuweki.

Nilifanya yote hayo kocha, miezi minne, na bado nikashindwa. Sasa?

Pole ndugu yangu. Sina dawa ya kukuhakikishia ushindi, na wewe si wa kwanza. Faith Kipyegon tarehe 26 Juni 2025 pale Paris alitaka kukimbia maili chini ya dakika nne, kitu hakijawahi kufanywa na mwanamke, dunia nzima imemkodolea macho, alipata dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Alikosa, na si kwa kidogo. Siku tisa baadaye, kwenye mji wa Eugene kule Marekani, akavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1500, 3:48.68.

Chukua daftari uandike wapi picha yako na siku yenyewe ziliachana. Wapi hasa, dakika ya ngapi, kilomita ya ngapi. Pengine ulijiandaa kwa upepo ukakuta mvua, pengine picha ilikuwa sawa mazoezi ndo hayakutosha, hili la pili ndo linatokea zaidi na ndo watu hawapendi kuliandika. Kipande hicho kilichoachana ndicho unachokifanyia kazi wiki ijayo, vingine viache.

Na we mwenyewe kocha, bado wafanya?

Kila Alhamisi. Nafika mwinuko wa Daraja la Nyali kichwani, jua usoni, miguu mizito, naiona ile meza na vikombe vitupu kwa mbali, napunguza hatua, natia mkono kiunoni natoa chupa yangu mwenyewe, nakunywa mikupuo miwili, naifunga. Yule mzee wa mkokoteni bado yupo pia, sijaweza kumtoa, ila siku hizi tunakwenda sambamba.